Vina Tuitt na Ijumaa za Kinsale

Kwetu Kinsale mtu hakuulizwa Ijumaa jioni anakwenda wapi. Alikuja kwangu, na kama hakuja basi anaumwa au ameokoka. Baa yangu ilikuwa chumba kimoja cha mbao chenye veranda pana inayotazama bahari, na ile veranda ndiyo ilikuwa ukumbi wa dansi. Sufuria ya mchuzi wa mbuzi ilikaa motoni nyuma ya nyumba tangu saa nane mchana. Bendi ilifika saa mbili usiku, na hakuna aliyelalamika ikifika saa tatu, maana hapa kisiwani Montserrat tunaona haraka ni aina ya ugonjwa. Hapo ndipo Hilton Tuitt alipoegesha pikapu yake chini ya mkungu, akazunguka kumfungulia mkewe mlango, kisha wakapanda ngazi taratibu kwa sababu ya mguu wa Hilton.

Mkewe ndiye Vina. Nataka nieleze habari zake kama nilivyoziona mimi, Agatha Meade, niliyekuwa nyuma ya kaunta, maana yapo yaliyosemwa ambayo si kweli, na yapo ya kweli yaliyosemwa vibaya.

Vina alikuwa fundi cherehani. Mrefu, mkavu, mwenye sura ambayo mchana ungepishana nayo barabarani usigeuke. Lakini bendi ikianza, watu walisogea ukutani wenyewe bila kuambiwa. Hakurukaruka wala hakutafuta macho ya watu. Kutoka kiunoni kwenda juu alitulia kama aliyejitwisha ndoo ya maji, na kazi yote aliiachia miguu. Ilikuwa inajua mambo ile miguu. Wageni waliokuja na mashua zao waliweka chini chupa za bia ili wamwangalie vizuri.

Zamani mcheza naye alikuwa Hilton mwenyewe. Walijuana kwenye dansi, wakaposana kwenye dansi, na siku ya harusi yao walicheza hadi mpiga gitaa akaomba radhi kwamba vidole vinamtoka damu. Halafu Hilton, aliyekuwa kuli bandarini, akabanwa goti kati ya lori na ukuta. Goti likapona, lakini halikukunjika tena. Mwaka mzima hatukuwaona.

Ijumaa moja wakaja. Hilton akaketi kwenye benchi lililo karibu na mlango, mguu ameunyoosha mbele, Vina pembeni yake amebana mikono katikati ya magoti. Cuthbert Farrell, seremala, rafiki wa Hilton tangu shule, akaja kuwasalimu.

"Umekuja na shemeji?" Hilton akamuuliza.

"Doreen? Doreen Ijumaa ana maombi, unamjua."

"Basi mchezeshe huyu wangu. Miguu yangu imestaafu, yake bado."

Cuthbert akacheka, akidhani ni mzaha. Vina akasema kwa sauti ya chini, "Hilton, nyamaza."

"Sinyamazi. Mwaka mzima nimekaa nyumbani naangalia vidole vya miguu yako vinacheza chini ya cherehani. Nimechoka kuviangalia peke yangu. Inuka, mama."

Vina akainuka. Ndivyo ilivyoanza, na ikaendelea hivyo miaka kumi na moja.

Maneno yalisemwa, bila shaka. Kisiwa ni kidogo na jioni ni ndefu. Kuna jamaa mmoja mvuvi alisimama kaunta akiwa amelewa, akasema kwa sauti ili kila mtu asikie, "Bwana Tuitt, wewe ni mkarimu. Mimi wangu simwazimi mtu hata dakika tano."

Hilton hakugeuza hata kichwa. "Wako hakuna aliyemwomba," akasema.

Baa nzima ilicheka, na yule jamaa akalipa ramu yake akaenda kulala.

Lakini mimi mwenyewe, nikubali, nilikuwa nawachunguza. Niliwachunguza miaka yote ile, Vina na Cuthbert, nikitafuta jicho lililokaa mahali muda mrefu kupita kiasi, au mkono uliosahau kuachia. Sikuona kitu. Wimbo ukiisha Cuthbert alikuja kaunta kunywa maji, na Vina alirudi kwenye benchi. Hilton alimfuta jasho shingoni kwa leso yake huku akimkosoa.

"Pale kwenye kona umechelewa."

"Sikuchelewa. Yeye ndiye aliwahi."

"Mkono wake wa kushoto umelala. Nitamwambia."

"Mwambie wewe, nikimwambia mimi ananuna."

Wakiondoka usiku niliwasikia bado wanabishana ndani ya pikapu hadi inapinda kona ya kanisa.

Kisha mlima wetu wa volkano ukaamka. Sina haja ya kusimulia yale, kila mtu kwetu anayo yake. Tulihamishwa, tukarudishwa, tukahamishwa tena, na mara ya mwisho hatukurudi. Mji wetu mkuu ulizikwa kwa majivu, Kinsale ikazikwa nao, na baa yangu iko huko chini, na benchi, na sufuria niliyoachiwa na mama. Familia ya Tuitt na mimi tulilala miezi minane ndani ya kanisa moja huko kaskazini, tumetenganishwa kwa shuka zilizoning'inizwa kwenye kamba. Usiku nilimsikia Hilton upande wa pili akinong'ona nyimbo za bendi moja baada ya nyingine, na Vina akimrekebisha. "Hapo kuna marudio mawili," alisema. "Umeruka moja."

Tulipopewa viwanja huko Cudjoe Head nilipata kontena kuukuu la meli. Cuthbert akalitoboa madirisha, akanitengenezea kaunta, na mbele yake akatandika sakafu ya mbao chini ya paa la bati, akaipiga randa hadi ikawa laini kama meza. Siku ya kufungua, watu walikuja na majivu bado yako kwenye nywele. Bendi ilikuwa na watu watatu badala ya saba, wengine walikwishaondoka. Vina na Cuthbert walicheza wimbo wa kwanza peke yao. Niliona wanaume wazima wanajifuta macho kwa mikono ya mashati. Hilton, kwenye kiti cha plastiki nilichomwekea karibu na mlango, alikuwa akipiga fimbo yake chini kwa mapigo.

Haikudumu. Shule zilikuwa kwenye mahema, kazi hakuna, na Uingereza ilifungua mlango. Doreen hakutaka wanawe wakulie kwenye majivu, na nani angemlaumu. Ijumaa yao ya mwisho Cuthbert alicheza na Vina kwa saa mbili bila kupumzika. Kisha akaja akamshika Hilton mkono.

"Nenda," Hilton akamwambia. "Huko kwa wazungu mkono wako wa kushoto utaamka kwa baridi."

Baada ya hapo Hilton aliwajaribu wengine. Alimwita huyu, alimwita yule. Wengi waliogopa. Aliyekuwa hodari wa kujitolea ni Riley, mpeleka barua, mtu mwema mwenye miguu mizito, ambaye alimkanyaga Vina mara nne katika wimbo mmoja na kila mara akaomba radhi kwa heshima kubwa. Vina hakulalamika. Aliporudi kwenye kiti Hilton alimtazama viatu, halafu wakacheka wote wawili hadi machozi.

Sasa nifike kwenye ile Ijumaa.

Alhamisi jioni mlima ulitema majivu, na upepo ukayaleta upande wetu, jambo ambalo halikutokea mara nyingi. Ijumaa asubuhi kila kitu kilikuwa cha kijivu. Tulifagia uwanja, tukafagia barabara. Yaliyobaki ni ya juu ya mabati. Majivu makavu hayana shida, lakini yakinyeshewa yanakuwa mazito kama saruji, na paa la nyumba za mbao tulizopewa halikujengwa kwa mzigo huo. Sasa wiki hiyo nilikuwa nimealika bendi kutoka Antigua, kisiwa jirani, imekuja kwa feri, watu sita na vyombo vyao. Saa kumi jioni nikaenda kwa Vina kuchukua blauzi yangu aliyokuwa akinipunguzia.

"Mimi leo siji," akaniambia, pini zikiwa mdomoni. "Hilton anataka kusafisha paa, na mawingu yale siyapendi. Nitamshikia ngazi."

"Vina, bendi imetoka Antigua. Majivu yatakuwepo hata kesho."

"Sijui, Aggie."

Hilton akaitikia kutoka chumbani. "Mchukue, Aggie. Paa nitalifanya kesho asubuhi tukiwa wawili. Leo napumzisha mguu. Nikijisikia vizuri nitakuja baadaye."

"Unaahidi hupandi?" Vina akamuuliza.

"Na mguu huu? Nipande kwenda wapi?"

Akaja. Mimi ndiye niliyemchukua, kwa gari langu, nikiwa nimefurahi kwamba sitaiaibisha ile bendi kwa sakafu tupu. Bendi ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuleta. Vina alicheza na Riley, akacheza na mpiga ngoma mmoja wakati wa mapumziko, akacheza peke yake. Saa tatu hivi mvua ikaanza kugonga bati. Vina akasimama katikati ya sakafu, akageukia mlangoni. Nikamwambia kutoka kaunta, "Hiyo ni ya kupita tu." Na kweli ilipita. Ilinyesha nusu saa, si zaidi. Akaendelea kucheza.

Hilton alikuwa nyumbani, naye aliisikia mvua ileile. Paa lilianza kubonyea upande wa cherehani. Tulijua hivyo kwa sababu kabla ya kutoka aliiburuta cherehani hadi katikati ya chumba akaifunika kwa blanketi. Kisha akachukua koleo na tochi, akaegemeza ngazi ukutani, akapanda.

Vina alipewa lifti saa sita usiku. Aliikuta ngazi imelala uwanjani na Hilton amelala pembeni yake, amelowa, macho yako wazi. Alikuwa amelala pale kwa muda wa karibu saa tatu.

Hospitalini alikaa siku tatu. Mgongo ulikuwa umevunjika na kifua kimeingia maji. Nilikuwepo Jumapili alasiri alipozinduka vizuri kwa mara ya mwisho. Vina alikuwa bado na gauni lake la dansi, hakutaka kwenda kubadilisha. Hilton alimtazama kwa muda, kisha akauliza, "Ulicheza na nani?"

"Na Riley," Vina akasema.

"Masikini miguu yako."

Vina akacheka. Ilimtoka tu, kicheko halisi, kisha kikageuka katikati kikawa kitu kingine, na mimi nikatoka nje. Hilton alikufa Jumatatu kabla ya kupambazuka.

Kwenye mazishi Vina hakulia. Watu waliliangalia hilo wakaliweka moyoni. Wiki ya pili, tukiwa kwenye foleni ya mkate, mama mmoja alimwambia mwenzake, akijua kabisa nani amesimama nyuma yake, "Mume anakata roho kwenye matope, mke anakata kiuno." Vina akapokea mkate wake, akasema asante kwa muuzaji, akaenda zake. Mimi nilikuwa hapo. Ningeweza kugeuka nikasema ni nani aliyemtoa nyumbani kwake. Nililipia mkate wangu.

Hakuja tena kwangu. Alishona, alikwenda kanisani, alirudi. Ijumaa alifunga madirisha ya upande wa barabara. Nilipeleka mchuzi kwake kwenye bakuli kila Jumamosi, naye alilirudisha bakuli limeoshwa. Hatukuzungumza juu ya lolote isipokuwa nguo na hali ya hewa. Miaka miwili ikapita hivyo.

Desemba ile Cuthbert akaja kwa ajili ya sikukuu. Alikuwa amenenepa, na pumzi yake ilisikika akiwa bado mlangoni. Alikwenda kaburini kwanza, kisha akaniomba nimsindikize kwa Vina, kwa sababu aliogopa kwenda peke yake.

Vina alifungua mlango, akamtazama kuanzia juu hadi chini. "Umenenepa."

"Huko hakuna vilima, na mkate ni mwingi."

"Doreen hajambo?"

"Hajambo. Anasali bado." Akaketi, akavua kofia, akaizungushazungusha. "Vina, sikuja kumzika."

"Wengi hawakuja. Ni mbali."

Nje mbuzi wa jirani alikuwa akivuta kamba yake. Kisha Cuthbert akasema, "Ijumaa twende kwa Aggie. Wimbo mmoja tu. Hilton angetutukana tusipocheza."

"Hilton hakuwahi kumtukana mtu."

"Alinitukana mimi miaka kumi na moja. Kwamba mkono wangu umelala."

Vina akatabasamu. Sikuwa nimeona meno yake tangu hospitalini. "Ulikuwa umelala kweli," akasema, na hapo ndipo alipokubali.

Habari ilienea kisiwa kizima. Ijumaa hiyo watu walitoka vijiji vyote vya kaskazini, na waliorudi likizo kutoka Uingereza na Marekani walikuja na watoto wao ili waone. Hata yule mama wa mkate alikuja. Vina alivaa gauni la kijani alilolishona upya kiunoni kwa sababu alikuwa amepungua. Bendi ilipoanza wimbo wao, watu wakarudi nyuma, sakafu ikabaki tupu, na Cuthbert akampa mkono.

Waliingia vizuri. Hatua za kwanza nane au kumi nilisikia kifua changu kinafunguka. Kisha kwenye kona Vina akachelewa. Ilikuwa kidogo sana, mgeni asingeona, lakini aligeuza kichwa upande wa mlango, kama alivyokuwa akigeuza siku zote akikosea, na pale palikuwa na vijana wawili wenye kofia, hawamjui, wanakunywa bia. Akarudi kwenye mapigo, akayakosa tena. Cuthbert alikuwa anahema, akijitahidi kumbeba, na mkono wake wa kushoto, Mungu anisamehe, ulikuwa umelala. Wakazunguka mara moja zaidi, kisha Vina akasimama. Hakulia. Alisimama tu katikati ya sakafu, viganja vimefunguka, muziki ukiendelea.

Watu wakapiga makofi. Walifanya kwa wema, lakini hakuna kitu kibaya nilichowahi kukisikia kama makofi yale.

Nilimkuta nyuma ya kontena, ameketi kwenye kreti la bia karibu na moto wa sufuria. Nikakaa kwenye kreti jingine.

"Miguu ipo," akaniambia. "Watu watasema nimezeeka. Miguu ipo, Aggie. Nilikuwa sijui nimchezee nani."

Hapo nikalisema lile nililolibeba. "Ile Ijumaa ni mimi niliyekutoa. Ungebaki ungemshikia ngazi."

"Najua."

"Na mvua ilipoanza, ni mimi niliyesema ni ya kupita."

"Najua, Aggie. Nilikusikia, na nilitaka iwe ya kupita. Bendi ilikuwa nzuri." Akachukua mwiko akaukoroga mchuzi, kwa sababu ulikuwa unaanza kushika chini. "Nilikuja kwa miguu yangu. Usiyachukue yote, niachie na mimi yangu."

Hakuniambia amenisamehe, nami sikumwomba. Tulikaa pale hadi kuni zikapungua.

Cuthbert aliondoka baada ya mwaka mpya. Nilimpeleka mwenyewe hadi gatini. Alisimama na sanduku lake akiangalia feri inavyofunga kamba, akasema, "Miaka yote ile nilidhani tulikuwa wawili."

"Sote tulidhani hivyo," nikamjibu.

Tangu hapo Vina huja kwangu kila Ijumaa saa tisa alasiri. Hakuniomba kazi wala sikumpa, alikuja tu wiki moja akavaa aproni. Yeye ndiye anayekata nyama, anayechagua karafuu na majani, anayejua mchuzi umeiva kwa kuusikiliza. Mwezi uliopita kuna vijana wa Kimarekani, mume na mke, walikuja mapema. Mtu barabarani alikuwa amewaambia kwamba hapa kuna mama aliyekuwa mcheza dansi mashuhuri, wakamwomba awaonyeshe hatua mbili tatu. Vina akawaambia yeye huja kupika tu, akawajazia mabakuli na kuwaongezea mkate.

Saa moja na nusu huvua aproni, huikunja, huniaga na kwenda nyumbani. Bendi huanza saa mbili.